Viatu Vilikuwa Juani

Bi Verlie hakatai picha, anapanga tu.
"Piga chupa za maharage, zile za rafu ya juu.
Piga koleo la marehemu Orbin,
mpini kaufunga waya mwenyewe.
Mbwa mwache, hajaoga."

Ukungu wa Kentaki haujaondoka bondeni.
Nasubiri mwanga. Yeye hasubiri:

"Nina miaka sita, alikuja mwenzio,
akanipiga pekupeku.
Gazeti likaandika: umaskini.
Jumamosi ile, mwanangu, mama alikuwa kafua viatu.
Vilikuwa juani, hatua tatu nyuma ya yule bwana.
Hakugeuka."

Nageuka.
Ukingoni mwa baraza, raba za mjukuu,
ndimi nje,
zingali zinachuruzika.