Pua ya Kununuliwa

Niliinunua mjini Nakuru, kwa Kiplimo wa vipuri,
haizidi kizibo cha soda, uso wa wavu, miguu sita.
"Hii ni pua," akaniambia, "lakini uifundishe."
Nikacheka. Nimefundisha watoto, nimenyoosha waya,
pua sijawahi.

Julai, Kaptembwo. Baridi ya kutoka Mau
haiingilii dirishani, inapita ukutani.
Ploti yetu ina vyumba kumi na kimoja, choo kimoja,
na majiko mengi kuliko madirisha yanayofunguka.

Karatasi yake ilisema: ipashe siku mbili
kabla hujaiuliza neno.
Siku mbili! Nikatii. Ikakaa mezani na moto wake wa ndani,
vuguvugu kama yai lililoachwa na kuku sasa hivi.
Kisha zamu: sekunde sitini kwa volti tano, ijisafishe;
sekunde tisini kwa volti moja na kitu, ipoe, inuse.
Ichemke, isahau. Ipoe, ikumbuke.
Nililipenda hilo. Hata mimi nikiwa na hasira sinusi kitu.

Nyaboke wa namba saba akachungulia:
"Unapika nini, mwalimu wa waya?"
Nikamweleza kaboni monoksaidi, hewa isiyo rangi wala harufu,
inayotoka kwenye makaa hata yakishakuwa mekundu, safi,
pale mtu anaposema, sasa limeiva, liingize ndani.
"Aa. Kinachoua ni moshi. Moshi ukiisha, hakuna kitu."
Nikakosa jibu, maana moshi ni mwungwana:
hubisha hodi machoni, hukohoza,
humpa mtu nafasi ya kutoka.
Huyu mwingine hana hodi.
Huingia damuni akakalia kiti cha pumzi
kama mpangaji aliyelipa kodi,
nawe unadhani ni usingizi tu, ule mtamu wa uchovu.

Usiku wa kwanza ikalia saa tano.
Niliamsha ploti nzima.
Kumbe ni Wafula, katoka kilabuni,
ameegemea dirisha langu akipumua chang'aa.
Walicheka mpaka alfajiri. "Mashine ya polisi!"
Nikashika bisibisi, nikageuza kiwango kidogo kidogo,
nikiifundisha tofauti ya pombe na kifo,
somo ambalo wengine hapa kwetu hawajahitimu.

Usiku wa pili kimya. Wa tatu kimya. Nikajisifu.

Wa nne, stima ikapotea mtaa mzima.
Nimelala gizani nahesabu, sitini, tisini, sitini,
nikashtuka: nahesabu peke yangu.
Pua imekufa na stima.
Na stima ikipotea, ndipo majiko yanapoingia ndani.
Nimeunda mlinzi
anayelala saa ile ile mwizi anapoamka.

Namba saba, mwanga mwekundu chini ya mlango.
Nikagonga. Nikagonga. Nikageuka nikapiga kwa kisigino.
Nyaboke akafungua, kiganja kwenye paji la uso:
"Ni kichwa tu kinaniuma. Mtoto amelala vizuri, usimwamshe."

Tulimwamsha.
Tukamtoa uani na blanketi, shingo yake laini mno,
tukamwita, tukamwita,
na alipolia
nilijua hakuna king'ora changu kitakachofikia kile.

Sasa nimeifunga betri mbili za laptopu kuukuu.
Inakunywa umeme kama ng'ombe wa kiangazi,
kila asubuhi nazichukua nikachaji.
Inakaa namba saba, juu ya kabati la vyombo.
Nyaboke bado haiamini. Anasema
kilichowaamsha ni kisigino.
Lakini gunia alilozibia dirisha amelisogeza,
vidole vinne,
na kila jioni hupima pengo kwa mkono wake mwenyewe
huku akiitukana baridi.