Jagi la Vidole Vitatu

Inger alifika Februari, theluji mabegani,
akavua glavu, akalaza mkono mezani
kama mtu awekaye samaki kwenye mizani.
Vidole vitatu. Viwili vilibaki
kwenye mashine ya kukatia vichwa vya heringi, kule Svaneke.

"Majagi yako mazuri, Solvej," akasema,
"ila kwangu mimi ni picha. Nikiyashika yananigeuka.
Maziwa yangu yameizoea sakafu."

Nikazungusha gurudumu.
Udongo wa kisiwa hiki mkaidi, hunyanyuka ukinung'unika.
Nikautoa tumbo, nikaubana shingo,
nikauvuta mdomo kwa kidole kilicholowa.
Kishikio kilikuja mwisho, kizito kama mkia wa ng'ombe.
Udongo uwahi ungali maji.
"Shika," nikamwambia. "Shika kama unamimina."
Akafinya. Akafumba macho. Akafinya tena.
Sikulainisha kitu.

Nikalipaka majivu ya mti wa tufaha.
Siku mbili tanuri likala kuni,
likatema jagi la rangi ya wingu la mvua,
na pale kishikioni, mabonde matatu.

Miaka kumi na minne lilimimina maziwa,
bia ya Krismasi, maji ya kuku.

Wiki iliyopita Asger amelileta, limeviringishwa kwenye sweta.
Halijapasuka. Linamkataa.
Vidole vyake vinene havipati pa kulala.
"Kikate hiki, uniwekee kingine."

Nikawasha msumeno.
Akautazama unavyozunguka, vumbi halijaruka bado.
"Ngoja."
Nikauzima.
"Dada yake ananiambia niweke maua,"
akasema, kwa sauti ya mtu aliyetukaniwa mkewe.
Sikujibu. Naijua kazi yangu:
nusu ya ninavyofinyanga huishia juu ya kabati
vikipanguswa vumbi kila Jumamosi.

Akaondoka na jagi, akasahau sweta.

Leo nimepita kwao kuirudisha.
Kahawa ilikuwa tayari. Akalibeba jagi kwa mikono miwili,
limemlalia kifuani kama kuku mgonjwa,
kishikio kikitazama nje, kitupu,
akainama mzima mzima ili kumimina.
Maziwa yakafika kikombeni. Mengine kwenye kitambaa cha meza,
juu ya alama nyingine za maziwa, zilizokauka.

"Sukari ipo hapo," akasema.