Ubao wa Ng'ambo

Kila asubuhi, kabla ya chai,
napanda mnara na darubini ya marehemu baba
niusome ubao wa ng'ambo.
Danubi hapa ni mita mia nane.
Chaki ya Sever ni nene,
saba zake zina mkanda kiunoni.

Jana aliandika euro tatu na senti kumi kwa tani, kushusha ngano.
Nikashuka, nikafuta yetu, nikaandika tatu kamili.
Adhuhuri, yeye: mbili na tisini.
Miaka sita hatujasalimiana.
Tunasemezana kwa tarakimu,
na kila neno ni pungufu ya lililotangulia.

Bei iliposhuka haikushuka peke yake.
Kreni namba mbili haijaonja grisi tangu Pasaka.
Ognyan wa zamu ya usiku alipunguziwa siku,
kisha akapunguzwa yeye.
Manahodha walitia nanga katikati ya mto,
wakapika supu, wakasubiri.
Vita vya panzi... malizia mwenyewe;
kunguru wa huku huvaa makoti ya mvua.

Agosti mto ukakonda.
Tishari la alizeti likakalia mchanga, tani elfu na mia mbili,
si letu, si lao.
Kreni inayoelea ni yao.
Ghala lisilovuja ni letu.
Simu ikalia. Kikohozi kwanza, halafu Kirusi cha shuleni,
kibovu kwake, kibovu kwangu:
"Wewe ndiye Yasena? Wa nne zilizo wazi juu?"
"Ndiye."
"Tufanye pamoja."
"Kwa bei gani?"
Nilimsikia akimeza kitu.
"Bei inayonunua waya mpya."

Majira ya baridi tukaketi, mameneja wawili na mkalimani,
tukatoka na bei moja ya gati mbili.
Waya ukaja. Ognyan akarudi, siku tatu kwa wiki,
akanunua miwani.

Halafu Gerwald, mwenye tishari moja na deni la benki,
akasimama dirishani pangu, kofia mkononi.
Hakufoka. Ningependa angefoka.
"Zamani nilikuwa na milango miwili," alisema.
"Sasa ni mmoja, una vitasa viwili."
Nikampigia muhuri.
Wino ulikuwa umekauka; nikapiga tena.

Bandari ya chini, mwendo wa nusu siku,
wiki hii imeandika mbili na nusu.
Mameneja wanasema tuwaalike chakula.
Wanasema pia tushushe kidogo, kimyakimya.
Wanayasema yote mawili katika kikao kimoja.

Mimi bado napanda mnara.
Ubao wake naujua, ni wetu, nukta kwa nukta,
sina sababu ya kuutazama.
Leo nikainua darubini kidogo juu ya ubao:
dirishani mwake vioo viwili vya mviringo vimenikabili,
vimeshika jua.

Sijui kama ile ni salamu au doria.
Wala yangu sijui.
Hakuna aliyeshusha mkono
mpaka chai ikapoa.