Hakuna Aliyesema "Kata"

Damu tuliichemsha wenyewe, viazisukari na asali,
jikoni kwa Dorival, Pelotas, baridi ya Julai.
Meno ya zimwi ya kuazima. Kamera ya kuazima.
Iraci mwongozaji, Iraci zimwi,
manyoya kayashona kwa zulia la marehemu shangazi.

Tukapungukiwa wanakijiji wa kushika mienge.
Akaja mama yake, na koti la kanisani.
Miaka sita hawajaketi meza moja;
kwenye daftari la ubatizo
Iraci angali mvulana.
Akapewa moto na sentensi moja:
"Muueni, huyu si mtoto wa mtu."

Mara ya kwanza alikohoa.
Ya pili, moshi ukamwingia machoni.
Ya tatu zimwi likainua uso,
gundi inaachia shavuni,
na yule bibi akaushusha mwenge:
"Iraci. Utapata mafua, mwanangu."

Jina lile. Halijawahi kupita midomo ile.

Kwenye mswada zimwi lilipaswa kufa.

Maikrofoni nilishika mimi. Mkono ulitetemeka,
utausikia ukitazama: mkwaruzo, kama panya darini.
Fundi wa sauti anasema unafutika.
Tumemkatalia.