Kifumbu

Bibi Mwamvita alikuwa na kifumbu cha ukindu
kilichogeuka rangi kwa tui la miaka.
Alikikamua kwa mikono miwili, mishipa ya shingo imemsimama,
tui likateremka bakulini,
machicha yakabaki ndani, makavu kama maneno ya mkwe.

Nimemkumbuka leo alfajiri, Pugu Kinyamwezi,
ndani ya kontena la bluu,
pampu ikinguruma, mkono wangu juu ya vali.

Naitwa Sikujua.
Mama alilichagua jina hili kumsuta baba;
siku hizi linanisuta mimi.
Miaka tisa nilipita hapa na kiroba cha chupa,
nikiruka vijito vyeusi vinavyochuruzika chini ya jaa,
nikidhani ni mvua iliyochafuka.
Si mvua. Ni jiji linavyotoka jasho:
maganda ya ndizi za Ilala, nepi za Tabata,
betri za redio, dawa zilizopitwa na tarehe,
wali wa harusi tusizoalikwa,
vyote vimelaliana, vimeshikana, vimechacha,
vikatoa maji meusi kama kahawa ya msibani.
Yalishuka bondeni, kwenye matuta ya mchicha.
Nasi mchicha tuliununua. Fungu mia mbili. Tena tuliusifu.

Sasa yanapita kwangu.
Kwanza bwawani, vijidudu visivyoonekana viyatafune;
kisha mchanga; kisha utando,
mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu,
umeviringishwa ndani ya bomba kama mkeka wa mgeni.
Hapo maji hayapiti kwa kubembelezwa.
Mshale wa geji ukigusa hamsini, bati la ukuta linatetemeka,
na Fundi Lusajo hunyamaza katikati ya stori.

Utando nao una siku zake.
Ukiziba hausemi; unapunguza tu,
tone, tone,
kama mdeni anayelipa kwa kinyongo.
Jumamosi tunauosha kwa asidi, kisha kwa magadi,
macho yananiwasha hadi Jumatatu.

Leo nimekinga glasi.
Sikudhani maji yanaweza kukosa kila kitu namna ile:
hayana rangi, hayana harufu,
hayana hata habari.
Lusajo akasema, "Haya, kunywa."
Tukacheka. Hatukunywa.
Nikaumwagia mche wa mpapai nyuma ya kontena.
Nitaukagua kila asubuhi, kama mtoto mwenye homa.

Lakini kuna bomba la pili.
Katika kila ndoo nne, moja haipiti:
nzito, nyeusi kuliko ilivyokuja, ukali wote umejikusanya humo.
Wageni wenye kofia ngumu huonyeshwa bomba la kwanza.
Hupiga picha, huondoka.
La pili linapanda kimyakimya juu ya jaa,
linamwaga kulekule yalikotoka.

Machicha ya Bibi walikula kuku.

Haya?