Mkondo

Bwana Farquhar Geddes, miaka themanini na moja,
anavua kofia, anaitafuta ndoano kwa kiganja.
Koti lake, zito kwa mvua ya Dundee, namtundikia mimi.
"Leo ni nani?" "Ni mie, Mwanakheri."
"Ah. Sauti nimeipata. Uso bado hujauleta."

Ndivyo maradhi yalivyomla, kuanzia katikati,
kama panya aliyekula mkate ndani akaacha ganda.
Mto Tay anauona kwa pembeni, mlango kwa pembeni,
lakini akimkabili Elspeth, mkewe,
huona ukungu uliovaa hereni.

Nampaka jeli ya baridi, nambandika nyaya kwenye kope.
Mkondo wenyewe ni mdogo, hauwashi hata taa ya friji.
Dakika ishirini. Mimi hunyamaza,
ila yeye kimya hakiwezi: alikuwa mpanga herufi gazetini,
miaka ishirini na sita akizisoma za risasi, zimegeuka kinyume,
na kosa halikumpita.
"Sasa hata jina langu kwenye bahasha
sijui kama wameliandika sawa."

Kuna jambo.
Nusu ya mashine hizi zimezimwa kwa ndani.
Taa inawaka, mlio ni uleule, jeli ni ileile,
umeme haupiti.
Nani anapata, nani hapati, siri imefungwa
kwenye kompyuta ya mji mwingine.
Yeye alitia saini akijua. Mimi nami sijui ninachompa.
Kila Jumanne nabonyeza kitufe kama mtu apigaye hodi
kwenye nyumba asiyojua kama ina watu.

Wiki ya sita alifumbua macho, akakaa.
"Hicho kifungo," akasema. "Cha pili. Kina uzi mwekundu."

Kweli. Nilikishona usiku, uzi mweupe umeniishia.

Nikasogea. Akainamisha kichwa upande,
kama kuku anayeipima punje,
akanitafuta juu ya kola, akanikosa,
akarudi kwenye kifungo.
"Ni umeme," akauliza, "au ni mimi tu?"
Nikamfuta jeli kwa pamba, jicho la kulia, kisha la kushoto.

Fomu ina nafasi ya herufi peke yake:
mstari wa tatu, mstari wa nne.
Nikaandika ukingoni, kwa kalamu, "kifungo".

Uzi mweupe nimeshanunua.
Uko mfukoni tangu Ijumaa.