Chenga za Shaba

Baba hakuitia chujio kwa sababu haikuzaliwa nalo.
Foksi ya mwaka sitini na saba, rangi ya ugali wa uwele,
ilishuka na wavu tu tumboni,
wavu wa kukamata kokoto na nzi.
Vumbi la Dodoma lilijipitia
kama mbuzi wapitavyo ua wa miiba uliolegea.

"Aliyeiunda alijua," alikuwa akisema,
wavu umelowa mafuta ya taa,
akiusugua kwa mswaki wangu wa zamani.
Kila maili elfu moja na mia tano, oili mpya.
Kila oili mpya, mstari katika daftari:
tarehe, maili, alikokwenda kuchanja ng'ombe.
Hombolo. Chipogoro. Kibakwe, mvua, tulilala njiani.

Leo niko Kizota kwa fundi Chidawali.
Injini iko mezani, imepasuliwa pande mbili kama kibuyu,
naye kashika keekee juu ya ganda
ambalo halijapata kutobolewa tangu kiwandani.
Itokee hapa, aonyesha kwa kidole,
ipite kwenye mpira huu,
iingie kopo hili, chujio la pikapu za siku hizi,
ichujwe yote, tone kwa tone, si ile inayopenda tu,
irudi hapa.
Tundu la zamani tutaliziba.

Nasema: subiri.
Anasubiri. Amewazoea watu wa magari ya marehemu.
Kijana wake, Mheta, anapaka keekee grisi,
nene kama siagi ya siku ya mgeni,
ili unga wa chuma unate hapo, usidondoke ndani.
"Bila grisi, mama,
utakuwa umeutia mwenyewe ugonjwa uliokuja kuutibu."

Mama yangu ni wa Bahi.
Usichanani alichuja udongo wa mbuga kwa kapu,
nyasi chini, maji yakidondoka kwa kusitasita,
tope likabaki juu, munyu ukashuka,
wala hakuuliza kwa nini Mungu
hakuiumba mbuga pamoja na kapu lake.
Toboa, nikasema.

Mlio wake sitausimulia.

Usiku nikafungua daftari, kutafuta nini sijui.
"3 Aprili 1974. Maili 61,350.
Wavuni: chenga za shaba.
Mama Nyemo asijue."
Basi. Mstari unaofuata ni Hombolo tena.

Nyemo ni mimi. Nilikuwa na miaka minne,
nimelala kiti cha nyuma, injini chini ya mgongo,
joto lake likinibembeleza,
naye mbele, mikono yote miwili kwenye usukani,
anasikiliza kitu ambacho sisi wengine
tulikiita kelele za gari.
Mwaka wa njaa ule. Beringi zilikuwa Nairobi,
na pesa zilikuwa zimekwisha kuwa mahindi.

Tulifunga. Geji ikapanda, ikatetemeka, ikatulia.
Tone moja likaning'inia kwenye kiungo cha mpira;
Mheta akakaza robo mzunguko, likaghairi.

Baada ya maili mia tatu, Kongwa na Mpwapwa na kurudi,
Chidawali alilifungua kopo kama mkebe wa samaki,
akakunjua karatasi yake juu ya gazeti, mkunjo kwa mkunjo.
Weusi. Vumbi, ambalo nililijua hata kwa harufu.
Na chenga tatu za shaba, ndogo kuliko punje ya ulezi.
"Za zamani hizo," alisema. "Zilikuwa zimejificha."
Labda. Labda alinionea huruma.

Niliandika chini ya mwandiko wa baba:
tarehe, maili, chenga tatu.
Kisha nikampigia mama, nikamsomea ule mstari wa Aprili,
wote, hadi pale pa asijue.

Kimya. Kuku wake walisikika.
"Sasa wewe Nyemo," akasema,
"unadhani mashati yake alikuwa akiyafua nani?"